Slaidi za mama: picha 240, nyimbo mbili na flashi ambayo TV inaikataa

Swali lenyewe nalifupisha maana lilikuwa refu. Dada mmoja mama yake anastaafu, amemkusanyia picha 240 kutoka kwa ndugu na marafiki, anataka aziunganishe na nyimbo mbili ambazo mama anazipenda, moja ina dakika 4 na sekunde 10, nyingine dakika 3 na sekunde 40. Katumia OpenShot, programu ya bure ya kutengeneza video, kaweka kila picha sekunde 5 na mpito wa sekunde 1 kati ya picha na picha. Matokeo: nyimbo zinaisha picha hazijafika hata nusu, zinabaki zinapita kimya kama msiba, picha za wima zina mistari myeusi pembeni, kadhaa zimelala ubavu, na alipoweka kwenye flashi TV ikamwambia hakuna kitu cha kucheza. Faili aliloliweka lina KB 90 na jina lake linaishia na .osp. Anauliza, "Kaka tatizo ni programu au ni mimi? Ninunue ya kulipia?"

Dada yangu usinunue chochote. Programu haina kosa na wewe huna kosa kubwa, ila umeanzia kwenye picha wakati ilitakiwa uanzie kwenye wimbo. Watu karibu wote tunaanza hivyo hivyo, unamwaga picha zote halafu unatafuta muziki wa kuzitosha, na muziki hautoshi ng'o.

Twende kwenye hesabu kwanza maana ndo mzizi wa fitina. Picha 240 mara sekunde 5 ni sekunde 1200, sawa na dakika 20. Lakini mpito wa sekunde 1 unafanya picha mbili zipishane, yaani sekunde ya mwisho ya hii ndo sekunde ya kwanza ya inayofuata, kwahiyo kila mpito unakula sekunde moja na mipito iko 239, unabaki na sekunde 961, dakika 16 na ushee. Nyimbo zako zote mbili ni sekunde 470. Ndo maana ukifika picha ya 117 au 118 hivi wimbo unakata, na zaidi ya dakika nane zinabaki kimya. Hapo hakuna programu ya kulipia itakayokusaidia, hata ya milioni. Na ukisema basi nibane picha zote 240 ziingie kwenye sekunde 470, kila moja inapata chini ya sekunde 2, na sekunde 2 mtu hajamaliza hata kumtambua nani amesimama nyuma, tayari imepita.

Sasa geuza. Chukua wimbo wa kwanza, usikilize na saa mkononi, hesabu midundo kwa sekunde 15 halafu zidisha mara 4. Tuseme umepata midundo 24, hiyo ni 96 kwa dakika. Nyimbo nyingi zinahesabika nne nne, moja-mbili-tatu-nne, na kwenye kasi ya 96 hizo nne zinachukua sekunde 2 na nusu, nane zinachukua sekunde 5 kamili. Basi picha ikibadilika kila sekunde 5 inabadilika juu ya mdundo, na mtazamaji hatajua kwanini ila ataona inateleza tu vizuri. Wimbo wa pili tuseme umechangamka, midundo 30 kwa sekunde 15, yaani 120 kwa dakika, hapo nane ni sekunde 4. Kwahiyo wimbo wa pole sekunde 5 kwa picha, wa haraka sekunde 4. Wa kwanza una sekunde 250, toa 10 za mwanzo kwa ajili ya jina la mama na kichwa cha habari, zinabaki 240, gawanya kwa 5 unapata picha 48. Wa pili una 220, toa 12 za mwisho kwa picha moja ya kufungia ambayo itakaa muda mrefu, zinabaki 208, gawanya kwa 4 unapata 52. Jumla picha 100, ukiacha ile ya kufungia. Midundo ya nyimbo zako inaweza isiwe hiyo niliyotaja lakini utaratibu ndo huo huo, wimbo unakwambia una nafasi ngapi, wewe unatafuta nani wa kukaa.

Angalizo hapo, kama bado unataka mpito wa sekunde 1 basi picha unayotaka ionekane kwa sekunde 5 uiwekee 6, ya sekunde 4 uiwekee 5, kwasababu ya ile kupishana. Hiki kitu kimewachanganya watu wengi sana wanadhani kompyuta inawaibia muda.

Kwahiyo picha kama 140 zinatoka. Najua inauma. Hii ndo kazi yenyewe sasa, hayo mengine ni kubofya tu. Mimi nafanya hivi: natengeneza folda tatu, LAZIMA, LABDA na HAPANA, napita picha zote haraka bila kufikiri sana, mkono unajua. Zile picha tano za tukio moja ambazo tofauti yake ni mjomba kafumba macho, inabaki moja. Picha za majengo na mandhari bila mtu, karibu zote zinatoka. Halafu nahesabu LAZIMA, kama zimefika 80 najazia kutoka LABDA. Ila kabla hujafunga fanya kitu kimoja, andika majina ya watu watakaokuwepo siku hiyo ukumbini, uhakikishe kila mmoja anaonekana angalau mara moja, maana watu kwenye slaidi hawamtafuti mstaafu, wanajitafuta wao! Shangazi asipojiona utalisikia hilo mpaka uzeeni.

Na sio lazima kila picha ikae sawa na mwenzake. Picha ya kundi la watu ishirini inahitaji muda mara mbili, kwenye ule wimbo wa pole ipe sekunde 10. Fidia yake unaipata kwa kuchukua picha mbili tatu za mfululizo wa tukio moja, mama anacheka, anacheka zaidi, kashika mbavu, hizo zinapita kwa sekunde 2 na nusu kila moja na zinapendeza zikiwa za haraka. Kote huko bado uko juu ya mdundo kwasababu ni nne au nane au kumi na sita.

Kuhusu mpangilio, tarehe inasaidia lakini usiiamini. Picha nyingi ulizokusanya bila shaka zimepita WhatsApp, na WhatsApp ikituma picha ya kawaida inaibana na inafuta taarifa za ndani zikiwemo siku iliyopigwa na kamera. Lile jina lenye IMG halafu tarehe halafu WA, ile tarehe ni ya siku picha ilipopita WhatsApp, picha ya mama akiwa msichana inaweza kusoma ya juzi. Kwahiyo panga kwa macho, na ukishapanga zipe majina ya namba zenye sifuri mbele, 001, 002, 003, kwasababu kuna programu zikiona 1, 2, 10 zinapanga 1, 10, 2. Na kwa zile picha muhimu kumi au ishirini, waombe wenyewe wakutumie tena kama dokumenti sio kama picha, inakuja na ubora wake wote.

Ubora una maana gani hapa. Video ya kawaida ya TV ni pikseli 1920 kwa 1080, hiyo ni kama pikseli milioni 2 tu. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina 4000 kwa 3000, kwahiyo unaweza kuivuta karibu mara mbili bado ikawa safi. Iliyobanwa haina hiyo akiba, ukiivuta inakuwa uji. Zile za zamani za karatasi usizipige picha kwa simu na flashi ya kamera imewaka, inaacha doa jeupe katikati ya uso wa mtu. Kama una skana tumia dpi 600 (yaani nukta 600 kwa kila inchi), picha ya sentimita 10 kwa 15 inatoka na pikseli kama 2400 kwa 3600, inatosha na kubaki. Kama huna skana itoe kwenye fremu ya kioo, iweke mezani karibu na dirisha, simama juu yake simu ikiwa imelala sambamba na karatasi. Basi.

Mistari myeusi pembeni. TV ni 16 kwa 9, picha ya simu iliyopigwa wima ni 3 kwa 4, ikijaa kwenda juu pikseli 1080 upana wake unakuwa 810, kwahiyo kila upande unabaki uwazi wa pikseli 555. Hilo sio kosa, ni umbo tu. Kosa ni kuilazimisha ijaze skrini, maana hapo inaonekana asilimia 42 tu ya picha, vichwa na miguu vyote nje, na kosa kubwa kuliko hilo ni kuivuta kwa pembeni mpaka mama anakuwa mpana kama kabati. Njia nzuri ziko mbili. Ya kwanza, weka nakala ya picha ile ile kwenye treki ya chini (ile safu ya chini kwenye programu), ikuze ijaze skrini, itie ukungu na iwe na giza kidogo, halafu ile nzima ikae juu yake katikati. Ya pili ambayo mimi naipenda zaidi, weka picha mbili za wima ubavu kwa ubavu, 810 na 810 ni 1620, zinabaki pikseli 300 za kupumulia. Mama wa zamani na mama wa sasa, pembeni kwa pembeni, hiyo watu wanapiga vigelegele kabla hujaandika neno. Na inakuokoa nafasi, picha mbili kwenye sekunde za moja.

Zilizolala ubavu ni hivi, simu haiigeuzi picha yenyewe, inaihifadhi ilivyo halafu inaandika ndani "mtakaofungua mnigeuze". Programu nyingine zinasoma hayo maandishi, nyingine hazina habari. Dawa ni kuifungua kwenye programu ya kuhariri picha, ihakikishe imesimama, halafu uihifadhi upya kama JPEG mpya. Hapo hapo kama una picha za iPhone zinazoishia na .heic (iPhone zilianza kuhifadhi hivyo na iOS 11, mwaka 2017) nazo zigeuze ziwe JPEG kabla hujaziingiza, zitakusumbua bure.

Mbwembwe. Programu zina mipito mia, mchemraba unaozunguka, karatasi inayokunjwa, moyo unaopasuka. Achana nayo dada. Tumia picha kufifia ndani ya nyingine kwa kazi nzima, na pale wimbo wa kwanza unapoisha weka giza la sekunde moja, yatosha. Kitu kinacholeta uhai ni mwendo mdogo ndani ya picha, kusogea taratibu kuelekea uso wa mtu au kurudi nyuma, ule ambao iMovie, programu ya video ya Mac, wameupa jina la Ken Burns, yule Mmarekani wa filamu za dokumentari ambaye ameutumia sana kwenye picha za kale. Kutoka asilimia 100 mpaka 110 kwa sekunde 5 inatosha, ukizidisha watu wanapata kizunguzungu. Na sio kila picha, nyingine ziache zitulie.

Muziki nao una mitego. Nyimbo ulizodownload ndani ya app za kusikilizia kwa kulipia kila mwezi zimefungwa humo humo, haziingii kwenye video, unahitaji faili lako halisi la MP3 au WAV. Pia MP3 nyingine zimebanwa kwa kiwango kinachopanda na kushuka, na kuna programu zinakosea kusoma urefu wake, picha zinaanza kuachana na mdundo kidogo kidogo mpaka mwisho zimepotezana kabisa. Ukiona hivyo fungua kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni ya bure, uitoe kama WAV. Humo humo sawazisha sauti za nyimbo mbili, maana moja huwa inanong'ona nyingine inapiga kelele, na ukumbini wa spika anaweka mkono kwenye sauti mara moja tu. Zipishane sekunde 4 pale zinapokutana, ya kwanza inafifia ya pili inapanda (hapo jumla inakuwa sekunde 466 badala ya 470, picha moja itoe). Na kama lazima ukate wimbo, kata baada ya kiitikio, kamwe usikate mwimbaji akiwa katikati ya neno.

Ukionyesha nyumbani au ukumbini hutasumbuka na mitambo, ila ukiipandisha YouTube ule mfumo wao wa Content ID unautambua wimbo kwa sekunde chache, na mwenye wimbo ndo anaamua, video izuiwe au iwekwe matangazo hela ziende kwake. Kuandika chini "wimbo sio wangu" hakusaidii kitu. Kwa nakala ya mtandaoni tumia muziki wa maktaba ya sauti ya YouTube yenyewe. Na usidanganyike na ule muziki wa kale usio na maneno, tungo inaweza kuwa huru lakini rekodi ni ya waliopiga juzi.

Haya, flashi. Faili la .osp ni mradi wa OpenShot, sio video. Ndani yake hakuna hata picha moja, kuna maelezo tu, "chukua picha 001 kutoka folda fulani, iweke sekunde 5", ndo maana lina KB 90. TV haiwezi kupika kutoka kwenye karatasi ya mapishi. Programu nyingine za video ndo hivyo hivyo, Shotcut nao wana .mlt, Kdenlive wana .kdenlive, zote ni vile vile. Na kwasababu ni maelezo tu, ukihamisha folda ya picha mradi unakuwa kipofu. Mimi iliwahi kunikuta, usiku wa kuamkia shughuli nikaona nisafishe desktop iwe nadhifu, nikahamisha folda zote, kufungua mradi naambiwa faili hazipo, zaidi ya mia! Nilikaa mpaka alfajiri narudisha moja moja. Kwahiyo folda moja tangu mwanzo, ndani yake picha, nyimbo na mradi, na isiguswe mpaka shughuli iishe.

Ili iwe video lazima uitoe. Kwenye OpenShot ni menyu ya faili, sehemu ya kueksipoti, halafu video. Chagua MP4, video iwe H.264, sauti AAC (hizo ni aina za kubana video na sauti), ukubwa 1920 kwa 1080, fremu 30 kwa sekunde, kasi ya megabiti 8 kwa sekunde. Hiyo megabiti 8 ni sawa na MB 1 kila sekunde, kwahiyo video yako ya sekunde 466 itatoka na kama MB 470, ukikuta imetoka na MB 20 ujue kuna kitu umekosea. Usichague H.265 hata kama inasema faili linakuwa dogo, TV za zamani haziijui. Flashi iwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, TV nyingi zinaisoma, kikomo chake ni GB 4 kwa faili moja na wewe hufiki huko. Jina la faili liwe fupi bila alama za ajabu, mama.mp4 inatosha.

Kuhusu programu, OpenShot uliyonayo baki nayo, umeshaizoea. Ukichagua picha zote kwenye orodha ukabofya kulia kuna sehemu ya kuziongeza kwenye taimulaini kwa pamoja, inakuuliza sekunde za kila picha na mpito, huna haja ya kuburuta moja moja. Ikikukwamia ijaribu Shotcut, nayo bure. Mwenye Mac ana iMovie, mwenye Windows 11 ana Clipchamp. Hata PowerPoint inatoa video ila kuigandisha na mdundo ni mateso. Kitu kimoja tu, usiende kutafuta Movie Maker ya zamani, Microsoft waliacha kuitoa Januari 2017, na zinazojitangaza mtandaoni kwa jina hilo nyingi ni mitego ya virusi.

Ukimaliza, usiijaribu kwenye kompyuta yako, inacheza kila kitu hiyo. Chomeka flashi kwenye TV au projekta ile ile itakayotumika, siku moja kabla, itazame mwanzo mpaka mwisho umesimama mbali kule nyuma kabisa watakapokaa watu. Maandishi kama huyasomi ukiwa pale, yaongeze. TV nyingine zinakata kidogo kingo za skrini, kwahiyo jina la mama lisikae ukingoni kabisa. Na beba flashi mbili.